Malalamiko Kuhusu Daktari wa Simu na Sura ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu kafanana na mimi, na simu imethibitisha.

Ndugu Mhariri,

Nisamehe kwa kutanguliza habari kabla ya salamu. Nilikaa na kalamu nikitaka kuanza kama tulivyofundishwa shuleni, anwani juu kulia, tarehe chini yake, hujambo huku mimi sijambo, lakini habari yenyewe ilishanifika mkononi kabla sijapata pa kuiweka. Sasa salamu zifuate. Hujambo wewe, na wote walio ofisini kwako? Mimi ni mzima, cherehani yangu nzima, na mjukuu wangu ananyonya kama mtu aliyeambiwa maziwa yanakwisha kesho.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Darasani niliishia la saba, lakini usinione hivi, maana nimemzaa binti ambaye ofisi nzima ya ghorofa humsubiri yeye ndipo kompyuta zao zizinduke. Printa ikikwama, wanamwita. Mkurugenzi akisahau nenosiri lake, anamwita, tena kwa sauti ya chini. Siku moja nilimpelekea mwavuli kazini, nikakuta mabwana watatu wenye tai wamesimama nyuma ya kiti chake kimya, kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri majibu, naye anabonyeza bonyeza bila hata kugeuka. Nilitamani kuwauliza kama wanajua aliyemzaa yuko mlangoni. Sikuuliza. Niliwasalimia tu, kwa sauti ya kutosha.

Binti huyo ndiye aliyejifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Na mtoto huyo, hadi ninapoandika barua hii, hana jina. Kosa ni la gazeti lako. Nifuate taratibu utaona.

Baba wa mtoto ana mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Nesi, kwa sababu alikuwa nesi wa wodi ya wazazi mpaka akastaafu. Ni mwanamke mwema, sina ugomvi naye, ila ana tabia ya kujua. Siku mtoto alipozaliwa tulikaa benchi moja pale hospitali, na kabla hata hatujamwona mtoto, kila mmoja wetu alikuwa ameshamwita kwa jina lake mwenyewe. Tulipoingia wodini tuliendelea. Binti yangu, hajapata hata maji ya kunywa, akasema, "Mama zangu, nawaomba. Atakayefanana na mtoto, jina lake ndilo litakalokuwa." Alisema hivyo ili tutoke alale. Sisi tulilichukua kama sheria.

Yakaanza mashindano. Nesi akasema pua ni ya kwake. Nikamwambia mtoto mchanga hana pua, ana dalili ya pua. Akanijibu, "Mkwe mwenzangu, mimi nimepokea watoto wa mji huu. Nikimtazama mtoto najua hata babu yake alivyokuwa akikoroma." Na mimi nikamwambia kwamba nimepima mabega ya mji huu, na mabega ya mtoto yule ni yangu, bega la kushoto limeshuka kidogo, hata ukimvisha koti la kifalme litapinda. Tungeendelea hivyo mpaka mtoto anaolewa. Ndipo simu ilipoingilia kati.

Simu hii nilinunuliwa na binti yangu. Ina akili ya kupanga picha kwa sura: inakusanya picha zote za mtu mmoja inaziweka kwenye albamu yake, bila kuambiwa na mtu. Asubuhi moja nimeifungua, naiona albamu yenye uso wangu mbele, na ndani yake, katikati ya picha zangu za sherehe na za dukani, nipo nimelala, nimekunja ngumi, nimefungwa blanketi la manjano. Nikasema moyoni, mimi sijawahi kuwa na blanketi la manjano. Kumbe ni mjukuu. Simu imemtazama mtoto ikaona ni mimi.

Nilikaa chini. Kisha nikasimama, nikaituma picha ile kwenye kundi la familia, nikaandika chini yake: "Mwenye macho haambiwi tazama." Mkwe wangu, baba wa mtoto, akajibu, "Hongera, mama." Binti yangu aliweka kile kisura kinachocheka hadi machozi, nami nikajua ni machozi ya furaha. Nesi hakusema neno kutwa nzima. Kwa mwanamke yule kunyamaza kutwa nzima ni jambo la kupelekwa hospitali.

Jina lilikuwa limeshaingia mfukoni, Ndugu Mhariri. Ilibaki kulikunjua tu. Ndipo ukurasa wenu wa mambo ya kompyuta, ambako huandika yule kijana anayejiita Daktari wa Simu, ukatoa makala yenye kichwa "Usiiamini Simu Yako Inapotambua Sura". Akasema simu hukosea. Akasema hukosea zaidi kwa watoto wachanga, kwa sababu, nanukuu, "mbele ya kamera watoto wachanga wote hufanana".

Nesi alilipata gazeti hilo kabla yangu. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili asije mtu akasema bibi kaandika kwa hasira.

1. Watoto wachanga wote hawafanani. Naomba kujua kama Daktari wa Simu ana mtoto. Kama anaye, aulizwe mkewe iwapo siku ile ya kutoka wodini angekubali apewe yeyote aliyekuwa karibu na mlango. Kama hana, basi anaandika mambo ya watu wenye watoto kama mimi nikiandika habari za urubani. Mjukuu wangu ana kipaji cha uso, ana kidevu, ana namna ya kumtazama mtu kana kwamba amemletea bili. Sura ile hutaiona kwa mwingine ila kwangu.

2. Nesi aliikata makala ile kwa mkasi, akaipeleka dukani wanakotoa fotokopi, ikatiwa plastiki. Sasa iko mezani kwake, nyumba hiyo hiyo anamokaa mtoto na wazazi wake. Nikienda kumwona mtoto ananiwekea chai juu yake, ananiambia, "Karibu mkwe, weka kikombe hapo hapo." Nikiinua kikombe nasoma "Usiiamini", nikikirudisha nasoma "Hukosea". Siku moja nikakataa chai, akasema, "Kila mwamba ngoma huvutia kwake, ila wewe umekodi na simu ikusaidie kuvuta." Wageni walikuwapo. Walicheka. Nami nilicheka, maana nina adabu, lakini nilicheka kwa meno tu.

Matokeo yake binti yangu na mumewe wamesema jambo hili lisubiri. Mtoto anasubiri nini? Kliniki wanamwita Mtoto. Baba yake anamwita Bosi. Kinyozi jirani yangu anamwita Mgeni. Unajua majina yanavyonata. Hapa mtaani yuko mwalimu mkuu, mtu mzima, mwenye gari, anaitwa Kifuniko, kwa sababu tu wazazi wake walichelewa kukubaliana. Mjukuu wangu akija kuwa waziri akiitwa Waziri Mgeni, nani atajibu?

3. Kama simu hukosea sura, basi Daktari wa Simu atueleze habari ya mlango wa ofisi ya binti yangu. Mlango ule hauna ufunguo. Unasimama mbele yake, unakutazama, unafunguka. Daktari huyu huyu aliwahi kuusifu mlango wa namna hiyo kwenye ukurasa huo huo, akauita maendeleo. Sasa kumbe macho ya mashine ni ya kubahatisha? Basi wote waliomo ofisini mle wameingia kwa kubahatisha. Huenda mkurugenzi aliyemo si mkurugenzi. Huenda mkurugenzi wa kweli yuko nje getini tangu mlango ule uwekwe, anagonga, na walinzi wanamwambia aende zake. Nitakuwa sina raha mpaka jambo hili lichunguzwe. Mlango ukimtambua bwana mwenye tai ni maendeleo, simu ikimtambua bibi ni kasoro. Huo si uandishi, ni upendeleo.

4. Mimi si mtu wa kusema tu. Nimefanya utafiti, jambo ambalo sina hakika kama Daktari wenu huwa analifanya. Dukani kwangu huletwa mapacha kushonewa sare, wasichana wawili ambao hata mwalimu wao huwatofautisha kwa soksi. Niliwapiga picha. Simu ikawatenga, huyu huku, huyu kule. Nikampiga picha kinyozi akiwa na ndevu, na siku ya pili akiwa hana. Simu ilimjua. Mkewe alisita kidogo mlangoni, lakini simu ilimjua. Nikalipiga picha sanamu langu la kupimia nguo, ambalo halina kichwa, na simu haikusema kitu. Ikajua mahali pa kunyamaza, hekima ambayo wengi hawana.

Tena simu si jeuri. Haikurupuki. Kabla ya kumweka mtoto kwenye albamu yangu ilinionyesha picha mbili, ya kwangu na ya kwake, ikaniuliza kwa heshima, "Je, huyu ni mtu yuleyule?" Chini yake ikaweka Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Ndiyo. Ningebonyeza nini? Bibi na mjukuu ni damu moja, na anayekuuliza habari za mjukuu wako kwa adabu huwezi kumkatalia. Ikaniletea nyingine, nikabonyeza Ndiyo. Nyingine, Ndiyo. Tuliendelea hivyo mpaka ilipoelewa yenyewe ikaacha kuuliza, nami nikayasahau hayo hadi asubuhi ile ya blanketi la manjano. Mtoto wa shule naye hufundishwa vivyo hivyo, na akishaelewa hakuna anayesema kadanganywa.

Nilipomweleza binti yangu jinsi simu ilivyofikia uamuzi wake alijifunika uso kwa mkono, akasema, "Mama." Hilo tu. Nadhani aliguswa.

5. Daktari wa Simu ana dawa moja. Kompyuta ikikwama, zima halafu washa. Printa ikigoma, zima halafu washa. Mtandao ukipotea, hivyo hivyo. Mganga wa dawa moja hata akiponya amebahatisha. Nesi aliposoma hayo akaniambia niizime simu yangu niiwashe, tuone kama mtoto atabaki. Niliizima mbele yake, mbele ya mwanawe, mbele ya kikombe changu cha chai. Ilipowaka mtoto alikuwa pale pale kwenye albamu yangu, na ngumi zake. Nesi akasema labda haikuzimika vizuri. Nikamwambia, mkwe mwenzangu, hata wodini kwenu mliwahi kumzima mtu mkamwasha akabadilika sura? Chai ile niliimaliza.

6. Hili ni dogo, ila nalitaja kwa sababu linaonyesha nia yangu njema. Daktari huyo anakataza watu kutumia majina ya watoto na wajukuu wao kama nenosiri. Mimi nenosiri langu ni jina langu, la simu, la benki, la kila kitu, nisisahau. Mtoto akipewa jina langu itanibidi nibadilishe yote. Niko tayari kuubeba mzigo huo. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Nesi yeye nenosiri lake amelibandika kwa plasta nyuma ya simu, akaandika juu yake "Siri". Mwenyewe pima nani kati yetu anastahili kukabidhiwa jina la mtoto wa mwanamke wa kompyuta.

7. Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Gazeti lirekebishe makala ile, ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile kubwa. Daktari wa Simu afuatane na mkewe waje wamtazame mtoto kwa macho yao. Mkiweza kulifikisha jambo hili kwa wakubwa, cheti cha kuzaliwa kiongezwe mstari mmoja, chini ya jina la mama, usemao "Anafanana na", ujazwe na simu, familia zipumzike. Majirani wangapi wamegombana kwa kukosa mstari huo. Na kama Daktari wa Simu anaona mzigo wa kuandika ni mkubwa, nafasi yake apewe binti yangu, akishamaliza likizo ya uzazi. Yeye hakika ana dawa zaidi ya moja, na maelezo yake hata mimi huyaelewa, kwa kuwa akiwa mdogo nilikuwa nikimwambia, mwanangu, ukijua kitu kieleze mpaka mama yako akielewe, usipoweza basi hujakijua.

Ndugu Mhariri, sina chuki. Mtoto mwenyewe kaletwa hapa dukani sasa hivi, kalala juu ya vitambaa vya sare, na kila mteja anayeingia anasema kamkopi bibi. Mmoja tu ndiye aliyeuliza mtoto ni wa nani, na huyo alikuwa amekuja kusoma mita ya umeme. Nataka tu aamke siku moja aitwe, na aitike, na anayeitwa ajijue ni nani. Ukimwangalia kalala unaona kabisa jina limemkaa, kama sare iliyopimwa.

Wasalimie wanaopanga herufi, anayesambaza magazeti alfajiri, mlinzi wa getini kwenu, na yule mama anayewapikia chai, mwambie asiiweke juu ya kitu chochote chenye maandishi. Msalimie Daktari wa Simu pia, mwambie sikumtukana, nimemsahihisha. Na mama yako kama yu hai msalimie kwa niaba yangu, na umuulize wewe ulifanana na nani. Atakujibu bila kufikiri.

Ni mimi,
bibi halali wa mtoto,
fundi wa sare, mlango wa kijani, jirani na kinyozi.

Nyongeza. Nilikuwa natafuta picha ya kuambatanisha na barua hii ili mjionee. Nimeifungua albamu yangu, na humo ndani nimemkuta Nesi. Si picha moja. Nesi na miwani, Nesi bila miwani, Nesi anakemea mtu ambaye haonekani, wote wamewekwa pamoja na mimi kana kwamba ni mtu mmoja. Safari hii simu haikuniuliza. Nadhani iliona hakuna haja.

Nilikuwa karibu kumtoa. Nikaifungua picha moja iliyopigwa na mkwe wangu pale hospitali, siku mtoto alipoletwa mlangoni mara ya kwanza. Tuko wawili kwenye benchi, vinywa wazi, kila mmoja kafumba jicho moja kwa kucheka. Picha ilikuwa ndogo, nikajigusa ili nijikuze nijitazame vizuri, na ilipokuwa kubwa nikaona niliyemgusa ni Nesi.

Mimi nimeshaandika kwa mkono wangu, kwa namba, kwamba simu haikosei, na sirudi nyuma. Kwa hiyo kama simu haikosei, mimi ni Nesi na Nesi ni mimi, na jina lake ni jina langu, na mtoto akiitwa jina la Nesi, mshindi ni mimi. Nimempigia nikamwambia, "Mkwe mwenzangu, mtoto ataitwa jina lako." Akaniuliza naumwa wapi, na maumivu yalianza lini. Nikamwambia siumwi. Akasema nisitoke nje, anakuja na kipimo cha presha. Binti yangu nimemwambia pia, naye safari hii alilia machozi yasiyo ya kisura cha kwenye simu.

Basi malalamiko namba moja hadi sita yafute. Katika la saba yafute yote ila lile la binti yangu kupewa ukurasa, hilo liache kama lilivyo. Na wote niliowasalimia hapo juu, pamoja na wewe, na Daktari wa Simu na mkewe, mnatakiwa hapa kwangu kwa chakula cha mchana siku tutakayomwita mtoto kwa jina lake mbele ya watu, nayo ni Jumamosi hii.